Malidadi wa Ghorofa ya Tatu

Ngamiani, Tanga
3 Februari 2024

Mdogo wangu Zubeir,

Nyumba nzima inakusalimu, pamoja na paka, maana naye ni mzima. Ukishasoma haya usinipigie simu. Sikio langu la kushoto limestaafu na la kulia husikia linalolitaka; tukizungumza kwa simu, nyumba tatu za jirani zinapata habari kabla yangu. Na jambo lenyewe si la simu. Limeletwa kwa barua, lijibiwe kwa barua.

Imekuja posa ya Ruqayya. Tangu mwanangu aachike na yule wa Pangani, mlango huu haujagongwa kwa heshima. Sasa zimekuja barua mbili kwa mpigo, kila moja na leso yake. Ya kwanza ni ya Yasir, mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Korogwe. Huyo nimeshamuulizia. Watu wanasema ni mtu mwema, na wakishasema hivyo hawana la kuongeza.

Ya pili ndiyo inayonisumbua. Imeletwa na Bi Mwanakombo wa barabara ya pili kwa niaba ya mtoto wa marehemu dada yake, Sufian. Huyo alikuja mwaka jana kumzika mama yake, akaja hapa kutushukuru kwa rambirambi, akasimama na Ruqayya pale ukumbini hadi chai yake ikapoa.  Na juzi nimemkuta Ruqayya anapiga pasi gauni ambalo halikuwa na pa kwenda.

Sasa, huyo Sufian anakaa hiyo Liverpool yenu ya Sydney, jengo moja na wewe. Kwetu mtu huulizwa kwa jirani yake, na jirani akiulizwa habari ya posa hafichi. Akificha, dhambi ni yake. Niambie ni mtu gani. Usipunguze kwa ajili ya ujirani, wala usizidishe kwa ajili ya kuchekesha. Ruqayya hajui kama nakuuliza.

Dada yako,
Bimkubwa


Liverpool, Sydney
1 Machi 2024

Dada yangu Bimkubwa,

Barua yako imenikuta roshani, mahali ambapo goti langu limenipatia kazi mpya baada ya miaka yote ile ya kufagia wodi: nasimamia maegesho ya magari kwa macho. Ni kazi nzuri. Haina bosi, na likizo siitaki.

Umeniuliza kuhusu Sufian. Vuta kiti.

Sufian anakaa juu yangu, ghorofa ya tatu. Anasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kule Westmead, kazi ya halali, nami nilikuwa humo humo. Lakini ukimwona anatoka utadhani hospitali ni yake. Mtu huyu hatupi taka mpaka afunge tai. Nimemshuhudia akishuka na mfuko wa takataka, kaushika mbali na mwili, kidole cha mwisho juu, kama anampeleka bibi harusi kwa mumewe. Mwezi uliopita joto lilifika digrii arobaini, wanaume wazima wamebaki na kaptura, yeye kavaa kizibao. Viatu vyake vina ncha inayofika kabla yake. Na ana suti moja ya zambarau, vifungo safu mbili, ambayo hata kasuku weupe wa huku, ndege wenye kelele kuliko ngoma ya Ngamiani, wakiiona hunyamaza. Nadhani ni wivu.

Mzee Rufus wa chini, Mwaustralia mwenyewe, alimtazama siku moja akaniambia neno: *popinjay*. Nikamuuliza maana, akasema lilikuwa neno la babu yake. Unanijua, sikulala mpaka nikalipata. Kamusi inasema ni neno la kale. Mwanzo lilikuwa jina la kasuku, kisha wakapewa wanaume wanaojiona na kujipamba kupita kiasi. Wenyewe hawalitumii tena. Naona walioitwa hivyo wamekwisha, kabakia huyu wetu. Sisi tungesema malidadi, ila ndani ya malidadi mna sifa kidogo, mtu akiitwa hutabasamu. Hilo lao halina sifa.

Binti yangu Ghaliya, ambaye Kiswahili anakisikia na Kiingereza ndicho anachojibia, ameniambia nimwache, eti mtu kavaa tu. Watoto wa huku hawana jicho.

Kuna na lingine, ambalo ningelimeza kama usingeniambia nisipunguze. Simu yake hulia wakati wowote, naye hushuka ngazi mbio na kimkoba cha ngozi. Nilimuuliza siku moja, "Vipi Bwana Sufian, kazini?" Akanijibu, "Kuna watu wananingoja, mzee." Watu gani, hasemi. Baada ya saa mbili tatu anarudi, udi na marashi vinapanda ngazi mbele yake, na nywele ni mbichi. Dada, mwanamume aliyetoka kwake na nywele kavu, akarudi mchana kweupe na nywele mbichi, kaoga wapi, na josho la nini? Wewe ni mtu mzima. Mimi sisemi kitu. Nimesema nywele.

Nimeulizwa, nimejibu. Uamuzi ni wenu.

Mdogo wako,
Zubeir


Ngamiani, Tanga
30 Machi 2024

Zubeir,

Barua yako imetufikia ndani ya mfungo, na Mungu atusamehe, tumecheka na njaa zetu mpaka mbavu zikauma.

Niliisoma peke yangu kwanza. Kisha jioni, wenzangu walipokuja kusaidia kukoroga unga wa vitumbua vya futari, nikampa Ruqayya aisome kwa sauti, maana ndiye mwenye macho. Nikamwambia, "Soma, mjomba wako kaandika habari za Sufian." Akasoma. Pale pa takataka na bibi harusi, Bi Mwanaidi aliweka chini bakuli la unga. Pale pa kasuku hakukuwa na aliyesalia. Alipofika kwenye nywele alikohoa, kama mtu aliyepaliwa, kisha akasoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile. Na alicheka, tena kuliko sisi. Akaikunja, akasema, "Basi, mama. Mjomba ana maneno, lakini haandiki uongo."

Kesho yake tulimrudishia Bi Mwanakombo leso yake na kilichofungwa ndani, kwa adabu. Aliuliza sababu. Mimi sikusema. Lakini waliokuwa ukumbini ni wanawake saba, na barua yako ina maneno matamu mdomoni.

Posa ya Yasir tumeikubali. Ndoa itakuwa mfungo mosi, baada ya Idd, mambo yakipoa. Umeninusuru na aibu, mdogo wangu.

Bimkubwa


Liverpool, Sydney
22 Aprili 2024

Dada,

Simamisha ndoa. Nimeanza na hilo ili macho yako yakichoka yawe yameshalisoma.

Unamkumbuka Makame, yule Mpemba wangu wa kucheza naye karata. Kafariki baada ya Idd, moyo ulisimama akiwa anakunywa kahawa. Huku hakuwa na ndugu. Msikitini wakaniambia mwoshaji yuko njiani, anahitaji mtu wa kumimina maji, na wa karibu na marehemu ni mimi. Dada, mimi Ijumaa hukaa jirani na mlango ili nitoke wa kwanza. Chumba kile nilikuwa sijawahi kukiingia. Nilisimama pale na goti langu, nikimtazama Makame chini ya shuka, mpaka mlango ukafunguka akaingia Sufian.

Alikuwa kavaa ile ile suti. Akavua koti, akalitundika msumarini, akalipangusa bega. Akavua kizibao, akavua tai. Akavaa aproni na mabuti ya mpira. Kabla hajanisalimu mimi alimsalimu Makame. Kisha akaniambia, "Mimina, mzee. Taratibu. Yapime kwanza kwa mkono, yasiwe ya baridi."

Nilimimina. Kote alikomwosha alimfunika, hata mimi niliyeshika kopo sikumwona rafiki yangu utupu. Makame alikuwa na jambo mwilini mwake ambalo katika miaka yote ya karata hakunidokeza. Sufian aliliona. Mkono haukusita. Nami sitakuandikia ni jambo gani, na hili ni jambo la kwanza maishani mwangu nililoliona nikaliacha.

Tulipokwisha kumkafini, akaingia chumba cha pili akaoga, maana aliyeosha maiti huoga. Akatoka nywele zikidondosha maji, akajifukiza udi, akaanza kufunga vifungo vyake kimoja kimoja mbele ya kioo. Sasa unajua josho lilikuwa la nini. Wale watu waliokuwa wakimngoja, dada, ndio hao. Wasomali, Waafghani, Warundi, wazee waliofia hospitalini na watoto wao wako mbali. Humwita yeye.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Mkono unaoosha maiti, mzee, nani ataushika kwa raha? Na nani atauoza binti yake?"

"Na hizi nguo?"

"Mle ndani nawavalisha watu nguo isiyo na kifungo hata kimoja. Nikitoka, nataka vifungo. Nataka vingi."

Nilipofika nyumbani nilipiga simu. Sikungoja barua. Akaipokea Ruqayya. Nyuma yake nikasikia wanawake wanaimba na mtu anagomba kuhusu viti. Akasema, "Mjomba! Sema unakuja!" Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamejipanga. Nikamwambia namtakia kheri. Akasema, "Amin," nikakata. Mimi, dada, ninayejulikana kwa maneno.

Ndiyo maana naandika. Naituma kwa posta ya haraka. Mwite Ruqayya, mpe aisome kama alivyosoma ile, mbele ya wale wale. Niaibike mimi.

Zubeir


Ngamiani, Tanga
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia kabla ya ndoa. Nakuambia mapema, ili usiilaumu posta.

Niliisoma chumbani. Nje walikuwa wanachagua mchele. Niliiingiza ndani ya foronya ya mto, nikajilaza juu yake, nikawaambia watu kichwa kinaniuma, na hilo halikuwa uongo. Ijumaa Ruqayya aliolewa na Yasir. Alipendeza. Jumapili walikwenda Korogwe.

Utasema dada kawa katili. Sema. Lakini nikuulize: wewe ulipoondoka hapa ulisema miaka mingapi? Ulisema miwili. Ghaliya alikuwa wa kubebwa. Leo ni mwanamke na sijamshika hata mkono. Mama alifariki akiuliza kama ndege yako imetua. Nimeshakula sumu ya Australia mara moja, Zubeir. Posa ya Sufian ilipofika sikulala. Alikuwa mstaarabu, mpole, alimlilia mama yake bila kujificha, na Ruqayya alikuwa amempenda, niliona. Ningekataa kwa sababu gani?

Msikitini kwenu kuna imamu, ningeweza kumwandikia yeye. Kuna Watanga wengine hapo Sydney, wanawake wenye akili zao. Nilikuandikia wewe. Nilijua mtu aliyevaa vile hawezi kupita mbele ya macho yako akatoka mzima. Ile barua yako nilikuwa naihitaji hata kabla hujaiandika.

Kwa hiyo usiubebe mzigo huu peke yako. Nusu ni yangu, tena nusu ile nzito, kwa kuwa wewe hukujua na mimi nilijua.

Korogwe ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Ruqayya alikuja wiki iliyopita. Alinipikia, akanifulia, akaniuliza hali ya masikio. Tulikaa jioni nzima, mtu na mama yake, hatukuwa na la kuzungumza.

Bimkubwa


Liverpool, Sydney
9 Julai 2024

Mpwa wangu Ruqayya,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi, na hii unayosoma nadhani ndiyo mbovu kuliko zote, ila ndiyo isiyo na mzaha, basi naipeleka.

Sufian hakuwa anatoka kwa mwanamke. Alikuwa anaosha maiti za watu wasio na jamaa. Nilimkuta huko kwa macho yangu, siku ya rafiki yangu Makame. Nilimwandikia mama yako kabla ya ndoa yako. Kwa nini barua ile haikukufikia, muulize yeye, au usimuulize. Ni mama yako, na anakupenda kwa namna yake, namna inayofunga milango.

Wiki iliyopita nilipanda ghorofa ya tatu. Ngazi zile na goti hili, nilikuwa na wakati wa kutosha wa kugeuka. Alinifungulia akiwa na fulana na taulo begani, anapiga pasi. Sijawahi kumwona hivyo. Ni mtu mwembamba sana, Ruqayya. Nguo ndizo zilizokuwa zikimjaza.

Nikamwambia, "Bwana Sufian, nina jambo nimekukosea."

Akasema, "Lile la barua?"

Bi Mwanakombo, mama yake mdogo, alikuwa ameshampigia simu tangu mwezi wa mfungo, akamsomea kwa kichwa, karibu neno kwa neno.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ile siku ya Makame ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanielekeza namna ya kumimina maji, kwa upole vile."

"Maji yalikuwa ya Makame, mzee. Hayakuwa yako."

Akachomoa pasi, akanisogezea kiti. Nikawa naona bora anitukane. Kisha akasema, "Ila pana kitu kimoja kilinichoma. Umeandika suti ni ya zambarau. Ile ni damu ya mzee. Zambarau! Ningeivaa wapi, watu wanicheke?" Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu, nikabaki nacheka peke yangu mle ndani.

Aliniuliza jambo moja tu. Aliuliza kama wewe mwenyewe uliisikia barua ile, au ulizuiliwa tu na wakubwa. Nikamwambia sijui. Mama yako alikuwa ameshaniandikia nani aliyeisoma. Nimemdanganya, na ni uongo wa pekee katika habari hii ambao nimeusema nikijua ni uongo. Niambie kama nilifanya vibaya, nitapanda tena.

Siombi unisamehe, maana msamaha wako hautanifaa kitu kama kwako haufanyi kazi. Naomba ruhusa moja. Nilimwandika vibaya, na nilimwandika kwa ufundi. Niache nimwandike vizuri. Nikuletee habari zake mara moja moja, za kweli, kama nilivyopaswa kuziandika mwanzo. Nina mambo mengi ya kukuambia. Sasa ndiyo nimeanza kumwona.

Mjomba wako,
Zubeir


Korogwe
18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kupitia duka la mume wangu. Hakuifungua. Aliniletea akasema, "Ya mjomba wako wa mbali, hiyo itakuwa na vichekesho." Hata huku una sifa.

Nianze na uliloniuliza. Usipande tena. Mwache aamini kuwa nilizuiliwa.

Nawe nikueleze jambo ambalo hukuliuliza. Siku ile nilipopewa barua sikujua mna nini. Nilianza kusoma kwa furaha, nikidhani ni habari njema, kwa kuwa imetoka kwako, na tangu nikiwa mdogo barua zako ndizo zilizonifunza kupenda kusoma. Nilipofika kwenye nywele nilitaka kusimama. Lakini ningesimama, wanawake wote wale wangejua nimempenda. Mwanamke aliyekwisha kuachwa mara moja, akionekana kapenda, basi yeye ndiye kichekesho, si mwenye suti. Kwa hiyo nilisoma. Nilicheka kuwazidi ili nisionekane. Na nilipokwisha kucheka kwa kiasi kile, mjomba, ningeanzia wapi kusema hapana, namtaka hivyo hivyo, na nywele zake?

Kwa hiyo wewe uliandika, mama akaficha, na mimi nikacheka. Hata watu wanaomuua mtu kwa pamoja hawagawani kazi vizuri namna hii.

Yasir ni mtu mwema. Ni kweli walivyomwambia mama. Hafokei, hanyimi, hauliziulizi. Ana shati la dukani na shati la Ijumaa. Nikimuuliza lipi linampendeza, anasema yote mawili yanafunika mwili. Jioni anahesabu spoku na nati zake, mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hana kosa lolote. Ningepata kosa lake ningekuwa na mahali pa kushika.

Mama usimgombeze. Amezeeka, na basi la Korogwe halijamletea alichokitaka.

Ama hiyo ruhusa unayoiomba, sikupi. Najua utamwandika vizuri. Hilo ndilo linalonitisha. Niandikie kuhusu goti lako, na Ghaliya, na Mzee Rufus, na ndege wenu. Ukimsikia mtu anamsema Sufian vibaya, nenda ukamtetee huko huko. Mimi usiniletee. Mabaya yake niliyacheka, yakapita. Mema yake nitayaweka wapi, mjomba, nami niko katika nyumba ya mtu?

Mpwa wako,
Ruqayya